Kompyuta ya kuzamia inayosoma mtungi: saa mbili kwenye kioo kimoja

Watu wengi wanaouliza kuhusu kompyuta za kuzamia za mkononi zenye transmita (kidude kinachorusha presha ya mtungi mpaka mkononi), wawe wageni au madaivumasta (wanaoongoza wazamiaji) wetu wa Nungwi, Mafia, Watamu na Diani, wanachanganya vitu viwili, na ukishavichanganya hata kununua utanunua vibaya. Cha kwanza ni hewa iliyobaki kwenye mtungi, cha pili ni naitrojeni iliyoingia mwilini. Kila kimoja kina saa yake na kila saa inaenda kwa mwendo wake. Kompyuta inayosoma mtungi inaziweka saa zote mbili mbele ya macho yako, ndo uzuri wake wote huo, lakini haizigeuzi kuwa saa moja. Na haya nayaandika nikiwafikiria zaidi vijana wanaofanya kazi majini kila siku, maana kwao ile saa isiyohusiana na mtungi ndo inayoumiza watu.

Tuanze na hiyo hiyo. Kila ukishuka mita 10 presha inaongezeka bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo juu ya maji uko bar 1, mita 10 uko bar 2, mita 20 bar 3, mita 30 bar 4. Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi, inakupa hewa kwa presha ya pale ulipo, na karibu asilimia 79 ya hewa hiyo ni naitrojeni ambayo mwili hauitumii, basi inayeyuka kwenye damu, inaenda kwenye misuli, kwenye mafuta, kwenye viungo, inajaa taratibu. Ukipanda polepole inatoka kupitia mapafu bila shida. Ukikaa mno chini au ukipanda mbio inatoka kama mapovu humohumo mwilini, na hapo ndo bendi: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, wengine miguu inakataa kabisa. Pwani yetu inaijua hii kwa uchungu, kuna wavuvi wa majongoo bahari waliozamia kwa mitungi bila kompyuta wala geji ya kina, wakishuka na kupanda mara nyingi kwa siku, na wapo waliopooza na waliofariki.

Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alitoa jedwali za kupanda kwa vituo baada ya kufanya majaribio mengi na mbuzi, na wazo lake la kuugawa mwili kihesabu kwenye mafungu, mengine yanajaa haraka mengine polepole, ndo bado linaendesha kompyuta nyingi mpaka leo. Jina kubwa zaidi sasa hivi ni Albert Bühlmann wa Zürich, Uswisi, hesabu yake inaitwa ZH-L16 kwa sababu ina mafungu 16, lile la haraka linajaa nusu ndani ya dakika 4 au 5 hivi na lile la polepole kabisa linachukua dakika 635, yaani zaidi ya saa 10 kufika nusu tu. Kompyuta inapima kina kila baada ya sekunde chache, inapiga hesabu ya mafungu yote, afu inakuonyesha dakika zilizobaki kabla hujalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Hizo dakika ndo tunaita nodeko.

Sasa angalia vizuri, ili kupiga hesabu hiyo kompyuta inataka kujua kina, muda na aina ya gesi. Basi. Mtungi wako uwe na bar 180 au bar 60 haiihusu. Kwa hiyo kompyuta ya bei nafuu isiyo na transmita inakulinda na naitrojeni sawasawa na ile ya bei mbaya, kama hesabu ya ndani ni moja. Zipo chache, hasa za kampuni ya Scubapro, ambazo unaweza kuziwekea zitumie upumuaji wako kama dalili kwamba umefanya kazi nzito zikaongeza tahadhari, ni jambo zuri, lakini ni nyongeza tu. Mtu asikuuzie transmita kwa kukwambia itakukinga na bendi.

Transmita inafanya nini basi. Ni kidude kama kidole gumba kikubwa hivi, kinafungwa kwenye tundu la presha kubwa la festi steji, ile sehemu ya regyuleta inayokaa kwenye mtungi, palepale ambapo hozi ya geji ingefungwa. Ndani kuna sensa ya presha, betri na kirushio, kila baada ya sekunde chache inarusha namba moja kwenda mkononi: mtungi una bar kadhaa. Watu wanadhani ni bluetooth. Hapana, bluetooth haifanyi kazi majini, maji ya chumvi yanazimeza redio za masafa ya juu mara moja, bluetooth ya kompyuta yako ni ya kuhamishia logi, yaani kumbukumbu za kuzama, kwenda kwenye simu ukiwa kwenye boti. Transmita nyingi zinatumia masafa ya chini sana, kama kilohetsi 38, ambayo yanapenya kwenye maji lakini hayafiki mbali, mita moja au kidogo zaidi ya hapo, inatosha kutoka nyuma ya shingo mpaka kwenye mkono. Kampuni ya Garmin walikuja na njia nyingine mwaka 2020 kwenye Descent Mk2i, transmita yao inatumia sauti ya sona, inafika mpaka mita 10 hivi, kwa hiyo daivumasta mwenye kompyuta hiyo anaweza kuona presha ya wenzake waliofunga transmita za aina hiyohiyo. Kwa mtu anayeongoza wageni hilo ni jambo kubwa kweli, ila hesabu gharama, kila mmoja lazima awe na transmita yake.

Haya, namba ya presha peke yake hata geji ya kawaida inakupa. Kinachofanya watu watoe hela ni namba ya pili, dakika za hewa zilizobaki. Hii ndo inayohitaji kueleweka zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu presha imepimwa lakini dakika zimekisiwa.

Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200, hapo una lita 2,400 za hewa. Mtu wa kawaida aliyetulia anatumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Mita 20 presha ni bar 3, kwa hiyo anatumia lita 60 kwa dakika, ambazo kwenye mtungi wa lita 12 ni bar 5 kila dakika. Akitaka abakishe bar 50 ana bar 150 za kutumia, sawa na dakika 30. Mtu huyohuyo mita 10 anapata dakika 45, mita 30 dakika 22 na kidogo. Hesabu hii kila aliyepita kozi aliifanya darasani, kompyuta inaifanya muda wote, ila badala ya kudhani lita 20 inaangalia wewe umetumia ngapi kwa dakika chache zilizopita. Kwenye kompyuta za kampuni ya Shearwater kwa mfano inachukua wastani wa dakika 2 za mwisho, inauliza kwamba ukiendelea kupumua hivihivi kwenye kina hikihiki afu ukaanza kupanda mita 10 kwa dakika, utakaa dakika ngapi ili ufike juu na ile akiba uliyoiweka.

Ukienda Kinasi Pass kule Mafia, pale maji yanapoingia na kutoka Chole Bay, utaliona hili waziwazi. Uko mita 18, mtungi una bar 150, umetulia, kioo kinasema dakika 22. Unazunguka jiwe, unakutana na mkondo uso kwa uso, unapiga fini kwa nguvu kumfuata mgeni aliyetangulia, upumuaji unaongezeka mara mbili. Ukiangalia tena baada ya dakika 2, presha imeshuka bar 17 hivi, imefika 133, lakini dakika zimeanguka mpaka 8. Mtu asiyejua anashtuka anadhani mtungi unavuja. Hamna uvujaji, kompyuta imekuona unahema, ikasema ukiendelea hivyo utabaki na 8. Ukijibanza nyuma ya jiwe ukatulia, dakika mbili baadaye namba inapanda tena. Inaenda na pumzi yako, na kwa kweli hilo lenyewe ni somo, maana wanaoanza wakiiona inavyobadilika wanajifunza kupumua haraka kuliko kwa maneno ya mwalimu yeyote. Lakini usiitumie kama ahadi. Ikisema 22 ujue ni 22 za maji matulivu ya hapo ulipo, ukishuka mita tano zaidi kufuata kasa imeshabadilika.

Na ujue imehesabu nini na imeacha nini. Kwenye Shearwater haihesabu sefti stopu, ile dakika 3 mita 5, kwa sababu si ya lazima kimahesabu, na ukishaingia deko, yaani ukishavuka nodeko ukalazimika kusimama njiani, inaacha kabisa kuonyesha dakika za hewa. Kompyuta za makampuni mengine zina taratibu zao. Kwa hiyo kabla hujaingia nayo majini fungua menyu ukaangalie akiba imewekwa ngapi, na uamue mwenyewe. Mimi kwa sehemu zenye mkondo, au boti ikiwa mbali na inaweza kuchelewa kukuona, naona bar 50 ni ndogo, weka 70, zile 20 za ziada ni za kusubiri juu ya maji wakati kusi imechafua bahari na unahitaji regyuleta mdomoni.

Jambo jingine linalopotosha ni ule wastani wa matumizi unaoandikwa kwa bar kwa dakika. Mtu anakwambia mimi natumia 1.7, mwingine anasema natumia 1.3, wanaanza kushindana nani anapumua vizuri, kumbe wa kwanza ana mtungi wa lita 12 na wa pili wa lita 15 na wote wanavuta lita 20 zilezile. Bar bila ukubwa wa mtungi haisemi kitu. Kama kompyuta yako inakubali uweke ukubwa wa mtungi ili ionyeshe lita, weka, na ukibadilisha mtungi badilisha na namba, la sivyo logi yako ya miezi yote haitakufaa kupangia chochote.

Sasa tuziweke saa mbili pamoja. Mgeni wetu wa lita 20 kwa dakika akiwa mita 18 ana dakika 32 za hewa. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, kwa kuzama mara ya kwanza kwenye kina hicho linatoa dakika 56 za nodeko. Kwa huyu hewa inaisha mapema, anapanda akiwa mbali sana na mpaka wa naitrojeni, kwa hiyo mtungi wake unamlinda bila yeye kujua. Mpeleke mita 30, hewa dakika 22, nodeko dakika 20, saa zimegeuzana. Na hiyo ni kuzama mara ya kwanza, ya pili baada ya saa moja ya chai na chapati kwenye boti naitrojeni ya asubuhi bado imo na nodeko inakuwa fupi zaidi, wakati mtungi ni mpya na umejaa.

Mtazame sasa daivumasta. Amezoea, ametulia, anatumia lita 12 tu kwa dakika, mita 18 hewa yake inafika dakika 53. Mgeni akifika bar 50 yeye bado ana bar 100 na ushee. Anampandisha mgeni mpaka juu, anarudi chini kwa kundi lililobaki, anapanda tena kufungua boya, anashuka kutafuta ukanda wa uzito uliodondoka, mchana anaingia na kundi jingine, kesho hivyohivyo, na akiulizwa anasema hewa ninayo. Ni kweli hewa anayo. Lakini mafungu yale ya polepole mwilini mwake hayasafishiki usiku mmoja kwa ratiba ya siku sita mfululizo, na kule kupanda na kushuka kila mara ndo kunakopenda kuleta mapovu. Kwake yeye namba kubwa ya hewa ni namba inayobembeleza. Ndo maana nasema daivumasta akiwa na hela ya kitu kimoja, anunue kompyuta nzuri ya kwake peke yake kwanza, asiyoazimana na mtu, transmita itakuja baadaye. Kompyuta ya kuazima haijui ulifanya nini jana, na ukiivaa leo baada ya mwenzako kuivaa jana inapiga hesabu ya mwili wa mwenzako.

Hapo ndo tunafika kwenye kununua, na mtego wa kwanza ni majina yanayofanana. Shearwater Peregrine ya mwaka 2020 haisomi transmita na haitakuja kusoma, Peregrine TX iliyotoka 2024 inasoma. Garmin Descent Mk2 haisomi, Mk2i inasoma, Mk3 haisomi, Mk3i inasoma, tofauti ni kaherufi kamoja mwishoni. Suunto Zoop Novo haisomi, D5 inasoma ukinunua Tank Pod yake. Ukiona tangazo la mtumba soma jina mpaka herufi ya mwisho. Na usidhani transmita yoyote itaongea na kompyuta yoyote, ya Garmin haiongei na Shearwater, ya Suunto ina lugha yake, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha jina la transmita limeandikwa kwenye manyuali ya kompyuta yako. Njia ninayoipenda kwa mwenye kipato cha huku kwetu ni kununua kompyuta ambayo inaweza kusoma transmita, kuanza nayo bila transmita huku ukitumia geji yako ya kawaida, afu ukipata hela ya pili ndo unaongeza, maana transmita peke yake kwa kawaida haishuki sana chini ya dola 300, yaani laki saba na zaidi za Tanzania.

Betri ni jambo ambalo watu wa mjini hawaliwazi. Zile zenye umbo la saa nyingi ni za kuchaji, nzuri, ndogo, unazivaa hata nchi kavu, lakini kama uko kisiwani umeme unakatika na jenereta inazimwa usiku na wewe unazama mara tatu kwa siku, ile ya betri ya AA kama Perdix ya Shearwater ina heshima yake, AA unaipata duka lolote. Transmita zenyewe zina betri zake: Swift ya Shearwater inatumia CR123A, T1 ya Garmin inatumia AA, Tank Pod ya Suunto inatumia betri fupi ya 1/2 AA ambayo usitegemee kuikuta kila duka la Chake Chake. Nunua za akiba Dar au Mombasa uweke kwenye boksi pamoja na oringi (vipete vya mpira vya kuzuia maji) za kufaa.

Kioo cha rangi chenye mwanga wake kinasaidia kweli, hasa kwa sisi tunaoingia na watu wenye umri mkubwa ambao macho ya karibu yamechoka, namba kubwa ni usalama. Mbwembwe nyingine zote, mara hatua ulizotembea mara mapigo ya moyo ukilala, sio za majini.

Afu kuna tahadhari ya hesabu. Kompyuta mbili kwenye boti moja, watu wawili walioshuka pamoja, moja inasema nodeko dakika 12 nyingine inasema 5. Hakuna mbovu hapo. Kila kampuni imechagua iwe na woga kiasi gani, na wewe pia umepewa kuchagua. Kwenye zile za Bühlmann utaona namba kama 40/85, ya pili ndo rahisi kuielewa, inasema nataka nifike juu nikiwa sijavuka asilimia 85 ya kiwango ambacho hesabu ya asili inaruhusu. Ukiweka 35/75 inakuwa mwoga zaidi, muda unapungua. Mtu anayezama kila siku, aliyelala vibaya, mwenye mwili mnene au umri umesogea, aweke ile ya woga zaidi, na mkiwa wawili mnafuata kompyuta inayosema mpande kwanza. Hata kina kinaweza kupishana kidogo, kwa sababu kompyuta hazipimi mita, zinapima presha na kuigeuza kuwa mita, na nyingi zinafuata kipimo cha Ulaya cha EN 13319 kinachochukua uzito wa maji kilo 1,020 kwa mita ya ujazo, katikati ya maji baridi na maji ya chumvi. Na uliza mapema kama inajifunga, kuna zinazogoma kukupa hesabu kwa saa 24 au 48 ukivunja masharti, kwa mtu wa kazi lazima ulijue hilo kabla ya kununua.

Nitroksi nayo, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, transmita haijui. Naomba hili lishike. Inasoma presha tu, haionji gesi. Ukipewa mtungi wa oksijeni asilimia 32 ukaacha kompyuta kwenye hewa ya kawaida, itakuhesabia naitrojeni nyingi kuliko ukweli, hilo ni la heri, lakini haitakwambia kwamba mita 33 ndo mwisho wako kwa oksijeni, na kwenye kuta za Pemba pale mwamba unaposhuka wima na maji ni ya buluu tupu kupita mita 33 ni jambo la sekunde. Pima mtungi mwenyewe kwa analaiza, kile kipima oksijeni, weka namba kwenye kompyuta, ndo ufunge regyuleta.

Kufunga transmita si kazi ngumu ila inataka utaratibu. Festi steji nyingi zina matundu mawili ya presha kubwa, transmita inaingia tundu moja na geji yako ya hozi inabaki kwenye jingine. Ndiyo, ninasisitiza geji ibaki. Transmita inaweza kupoteza mawimbi, betri inaweza kufa, flashi ya kamera au skuta ya majini inaweza kuivuruga, kwenye kioo unaona vistari badala ya namba, na ukiwa na geji unaendelea kwa amani, ukiwa huna geji safari yako imeishia hapo, unaonyesha alama ya kupanda na unapanda na mwenzako. Funga upande uleule wa mkono unaovaa kompyuta ili mwili usiwe katikati, kaza kwa mkono mpaka ikae, spana kidogo tu, usiikaze kwa nguvu zako zote. Kuiunganisha kwa mara ya kwanza, kwa nyingi ni kuandika kwenye kompyuta namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye transmita, na mkiwa wengi kwenye boti hakikisha kila mtu anasoma ya kwake: mmoja afungue mtungi, aangalie kioo chake, wengine wasubiri.

Inayovunja transmita nyingi ni mikono, bahari haina makosa. Imejitokeza kando ya mtungi, inafanana kabisa na kitu cha kushikia, na baharia anayepokea mitungi kumi kutoka kwenye maji boti ikiyumba atashika kinachoshikika.

"Kaka, usishike hapo, hiyo sensa. Shika shingo ya mtungi."

"Poa kaka, mimi nikajua mpini."

Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kuondoka ufukweni, na kila mtu kwenye boti ayasikie, nahodha pia. Ikivunjika majini hewa itatoka kwa kelele na mapovu mengi ya kutisha, lakini lile tundu la presha kubwa kwa ndani ni jembamba kama la sindano makusudi, kwa hiyo mtungi hauishi ghafla, una muda wa kumfikia mwenzako na kupanda kwa utaratibu. Hozi ya presha ndogo ikikatika inamaliza mtungi haraka zaidi, watu wengi wanadhani ni kinyume.

Kwa wanaoongoza wageni kuna badiliko dogo la kazi ambalo sijaona likifundishwa sana. Zamani ulikuwa unapita kando ya mgeni unaichungulia geji yake inavyoning'inia, unajua ana ngapi bila kumuuliza. Akiwa na kompyuta ya mkononi huioni, amekunja mkono au ameshika kamera. Kwa hiyo muulize mara nyingi zaidi, na kwenye maelezo ya kabla ya kuzama mkubaliane kwamba ukigusa mkono wako yeye anakuonyesha kioo, sio kukujibu kwa vidole tu, maana wapo wanaokuonyesha dakika za hewa wewe ukadhani ni bar, 30 ya dakika na 30 ya bar ni vitu viwili vyenye hatari tofauti kabisa.

Siku za mwisho za safari kompyuta itaonyesha muda wa kutopanda ndege. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja bila deko, saa 18 kama umezama mara nyingi au siku kadhaa, na zaidi ya hapo kama uliingia deko. Mgeni mwenye ndege ya saa mbili asubuhi asiwekwe kwenye boti ya mchana uliotangulia hata akibembeleza.

Na kama unanunua ya mtumba, usiridhike kuona inawaka. Fungua kifuniko cha betri cha transmita uangalie kama kuna kutu ya kijani, omba ile namba ya kuunganishia, ifunge kwenye regyuleta yenye geji na mtungi uliojaa, linganisha. Kupishana bar 5 au 10 si kitu cha kukutisha, geji zenyewe hazikubaliani. Afu funga bomba la mtungi, toa hewa kidogokidogo kwa kubonyeza regyuleta, na uangalie zote mbili zikishuka pamoja mpaka bar 50 na chini yake, maana inayosema kweli kwenye 200 lakini inadanganya kwenye 50 haifai kununuliwa kwa bei yoyote.